Uzi wa Kukatika

Kila kijana anayekuja kunionyesha mshipi wake wa kuvulia pwani, kabla sijatazama ndoana wala chambo, namuuliza kwanza: mwisho wake umeufunga wapi? Wengi hucheka. Siku hizi mna fimbo ndefu zenye magurudumu ya kukunjia, na mwisho wa mshipi umo humo ndani ya gurudumu. Lakini wapo bado wanaovua kwa mkono, na wapo wenye fimbo ambao huifunga fimbo yenyewe kiunoni kwa kamba ili isiwaponyoke. Nawaandikia hao. Wengine someni kwa kujifurahisha.

Mimi mwenyewe sikuvua hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kufunga mishipi. Nilikaa barazani kwetu Timbwani, wavuvi wakaniletea uzi na ndoana na risasi ya kuzamishia, nami nikaviunganisha kufuatana na mahali mtu anakokwenda kusimama na samaki anayemtaka. Bahari naiogopa. Niliiogopa nikiwa msichana, na sasa nikisikia mawimbi yanapiga mwamba nakaza mshiko wa chochote nilicho nacho mkononi. Sioni haya kuyasema hayo. Mfungaji asiyeogopa hufunga kifundo kimoja, akakisifu, akaenda kulala. Mimi nilikifunga, nikakivuta, nikakifungua, nikakifunga tena, kwa kuwa kila nilipokaza uzi nilimwona mtu upande wa pili.

Uvuvi ninaouzungumzia si wa chombo. Mtu huenda kwa miguu, maji yakipwa, hadi karibu na ukingo wa mwamba, mahali mawimbi yanapovunjika. Husimama maji yakiwa kiunoni, akauzungusha mshipi juu ya kichwa, akautupa nyuma ya povu, kwenye maji meusi. Samaki wakubwa hupita hapo: kolekole, tewa, na taa ambaye ukimnasa huona kama umenasa mlango wa nyumba. Shida ni kwamba mikono imelowa, chambo kinateleza, wimbi linakusukuma, na mshipi ukikuponyoka umekwenda wote. Kwa hiyo wavuvi wetu walikuwa na desturi ya kufunga mwisho wa mshipi kiunoni, kwenye mkanda wa kitambaa. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake kabla yake.

Baba ndiye aliyenifundisha kufunga, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kwanza na Juma, mdogo wangu, alikuwa bado anaangukaanguka uani. Kisha baba akaugua kifua, akafa. Mama hakukaa sana baada yake. Tukabaki watatu: mimi, Juma, na Saumu, kitinda mimba wetu. Nikaacha shule. Hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyenizuia.

Ami yetu, ndugu yake baba, akaja kutoka Bofu na mpango wake mzima kichwani. Juma aende kwake akalime. Saumu apelekwe kwa shangazi Changamwe. Mimi niolewe. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia kwa adabu kwamba hatuendi popote. Ami hakuwa mtu mbaya. Alitafakari, akasema atatuacha, lakini akaweka sharti lake.

"Nyumba hii inasimama kwa mikono ya Juma," akasema. "Siku ikimkosa Juma, nakuja na mkokoteni. Sitauliza tena."

Juma alikuwa ameanza kuvua pwani. Kwa hiyo elewa ninaposema niliogopa. Wimbi lingemchukua Juma, lingemchukua na Saumu, na nyumba, na mimi.

Sasa niwaambie kuhusu machubwi, maana mnayakosea sana. Chubwi ni ile risasi inayozamisha chambo na kukishika chini. Watu huniuliza uzito gani, nami nawauliza unasimama juu ya nini. Kwenye mchanga chubwi la mviringo hubingirika, na mshipi wako utaokotwa na jirani. Mchangani nataka chubwi lenye miguu: ukilimimina, unalichomeka misumari kabla halijaganda, kisha unaikunja kama miguu ya buibui. Kwenye mwamba miguu hiyo ni ujinga, itanasa mara ya kwanza tu. Hapo nilifunga plagi kuukuu za magari, kwa kuwa hazina thamani na mtu hazililii zikibaki chini.

Risasi tuliiyeyusha kwenye kopo uani, kutoka vipande vya mabomba na betri mbovu, tukaimimina ndani ya bua la mpapai lililochomekwa kwenye mchanga wa kulishikilia. Bua lazima liwe kavu. Niliwahi kumimina kwenye bua bichi. Risasi ikarukia juu kama mafuta ya maandazi, ikatoboa kanga yangu, ikamkosa Saumu jichoni. Saumu alicheka, akadhani nimefanya mchezo, akaniomba nirudie. Mimi nilikwenda nikakaa nyuma ya nyumba.

Ndoana nayo ifungwe kwenye uzi wake mfupi, unaotoka ubavuni mwa mshipi. Uzi huo tuliuita kono. Mahali penye mawimbi kono lisizidi shibiri moja. Likiwa refu litajizungushia mshipi hewani wakati wa kutupa, na chambo kitafika chini kimejiviringa kama mtoto kwenye nguo. Kama unawataka wenye meno, mwisho wa kono tia unyuzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Na uzi wa nailoni, kabla hujakaza kifundo, utie mate. Ukikaza mkavu unaungua ndani, na hutauona umeungua mpaka samaki akuonyeshe.

Jambo la uzi wa chubwi nililifundishwa na Mzee Kidole, jirani yetu, mvuvi aliyewahi kuvua na baba. Jina lake halisi watu walikuwa wamelisahau. Aliitwa Kidole kwa kuwa kimoja hakuwa nacho: alikuwa ameuzungusha mshipi kwenye kidole cha shahada, papa akapita nacho. Alipenda kuwaelekeza watu njia kwa kisiki kile ili wapate la kusema.

Alinionyesha kwamba chubwi halifungwi kwenye mshipi moja kwa moja. Linafungwa kwa uzi mwingine, dhaifu kuliko mshipi. Likinasa mwambani unavuta, uzi dhaifu unakatika, chubwi linabaki, na wewe unarudi na mshipi na ndoana, pengine na samaki juu yake. "Kitu utakachokubali kukipoteza," akaniambia, "kifunge kwa uzi wa kukatika." Nikamwitikia abee, nikaendelea na kazi. Sikujua kwamba maneno yale nitayahitaji kwa jambo jingine kabisa.

Miaka ile mishipi yetu ilikuwa ya pamba. Tuliichemsha kwenye maji ya magome ya mikoko mpaka ikawa myekundu, ili isioze haraka. Hata hivyo ilioza. Kila mshipi ulikuwa na mahali pake pabovu. Kwa hiyo mtu aliyejifunga kiunoni, samaki mkubwa akivuta, mshipi ulikatika kwanza. Watu waliulaani. Hakuna aliyeona kwamba ubovu ule ndio uliokuwa ukiwarudisha nyumbani.

Kisha nailoni ikaingia madukani Likoni. Ilikuwa kabla ya uhuru kidogo, vijana walipokuwa wakirudi kutoka mikutanoni wamepotewa na sauti. Uzi mwembamba, unang'aa, hauozi, samaki hauoni. Juma alininunulia kibunda kwa furaha kana kwamba ameniletea nguo ya sikukuu.

Mimi kila uzi mpya niliupima kwenye boriti ya ukumbini. Unaufunga juu, chini unaning'iniza kikapu, unatia mawe hadi ukatike. Mshipi wa pamba ulikatika kikapu hakijajaa. Nailoni ilibeba kikapu kimejaa pomoni. Saumu akaning'inia juu ya kikapu. Nikamsogeza, nikaning'inia mimi. Boriti ikalia, vumbi la chokaa likatushukia kichwani, na uzi ule haukukatika. Saumu akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeushika kwa mikono miwili, miguu haigusi chini, na uzi ule nikauona kiunoni mwa Juma.

Nilikwenda kwa Mzee Kidole, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamweleza. Alinisikiliza huku akikuna kisiki chake.

"Mishi, mwanangu, wataka kuniambia uzi ni mbaya kwa kuwa haukatiki?"

"Kwenye ndoana ni mzuri, babu. Kiunoni ni mbaya."

Akacheka hadi akakohoa. Akasema yeye amejifunga kiunoni tangu ndevu hazijamwota, na bahari haikumchukua ila kidole, tena hicho alikipeleka mwenyewe. Nikamkumbusha alivyonifundisha juu ya chubwi. Akasema Juma si chubwi.

Nilirudi nyumbani nikafanya nilivyoona. Kati ya mwisho wa nailoni na mkanda wa Juma niliunga kipande cha uzi wa pamba, urefu wa mkono, dhaifu kuliko vyote. Nikamwambia Juma kwamba mshipi kutoka mkononi mwangu hautakwenda majini bila kipande hicho. Asipotaka, akajifungie mwenyewe ndoana zake. Juma alikuwa mwepesi wa mambo yote isipokuwa vifundo. Akakubali.

Wenzake walimmaliza kwa mzaha. Kila alipofika pwani walimuuliza kama leo dada yake amemfunga kamba ya mbuzi au ya kuku. Mmoja alimletea majani. Juma alicheka nao, lakini nyumbani alianza kula kimya.

Siku moja akarudi mikono mitupu. Kolekole mkubwa alikuwa amechukua mshipi wote, uzi wangu ukakatika, na nailoni, ndoana, chubwi, vyote vikaenda na samaki. Akauvua mkanda, akaurusha mkekani mbele yangu.

"Samaki yule, Da Mishi, angetulisha wiki."

"Na wewe ungemlisha yeye."

"Hukunipa hata nafasi ya kushindana naye," akasema, mikono ikimtetemeka. "Nimechoka kuwa mbuzi."

Sikulala vizuri. Niliona nikishikilia uzi ule ataacha kunisikiliza kabisa, atajifunga nailoni tupu kama wengine. Asubuhi nikamwambia tupatane. Nikamsimamisha uani amevaa mkanda, mimi na Saumu tukauvuta kidogo kidogo mpaka akalazimika kunyanyua mguu. Nilitaka uzi utakaokatika kabla ya hapo, lakini si mapema kama ule wa kwanza. Nikausokota wa nyuzi mbili, nikautundika kwenye boriti, nikaongeza mawe. Ukakatika kwa uzito nilioutaka hasa. Nikausokota mwingine kama huo, nikaufunga kwenye mkanda wake. Juma aliutazama, akauvutavuta kwa vidole, akasema ahsante. Nami niliona nimeshinda.

Kukapita muda. Kisha zikaja siku za bamvua, bahari ikipwa mbali na kujaa kwa kasi, na siku kama hizo mawimbi mwambani huwa makubwa. Juma alitoka alfajiri bila kuniaga. Jua lilipokwisha panda nilikuwa nafagia ukumbi, nikainua macho kwenye msumari anapotundika mkanda wake. Mkanda haukuwapo. Uzi wangu ulikuwapo. Ulikuwa umefunguliwa kwa uangalifu, umekunjwa, umetundikwa peke yake.

Nilichukua kisu cha kuparia samaki na kukimbia. Sijui nilitaka kukata nini. Saumu alinifuata akiuliza kuna nini. Njiani kila mtu niliyekutana naye niliona anajua tayari. Nilimwona na ami, ingawa ami alikuwa Bofu, nikauona na mkokoteni wake.

Nilipofika pwani maji yalikuwa yamekwisha anza kurudi. Juma alikuwa amesimama karibu na mlango wa mwamba, pale maji yanapopita kwenda nje, na povu lilimfika kifuani. Mzee Kidole alikuwa juu ya jiwe nyuma yake, anafunga chambo. Nikamwita Juma. Sauti yangu haikufika hata kwenye maji.

Nikaona mkono wake ukienda mbele. Nikajua ameshikwa. Mshipi ulikuwa ukimtoka mikononi, naye akiurudisha, ukimtoka tena, kisha akawa harudishi kitu. Mshipi uliisha. Nikamwona akiegemea nyuma, mkanda umemvuta kiuno mbele ya miguu yake. Akaenda hatua. Akaenda nyingine. Wimbi likaja juu yake, na lilipopita hapakuwa na Juma.

Niliingia. Maji yalinifika mapajani, kisha nikavutwa kanga kwa nyuma. Alikuwa Mzee Kidole, ameshuka kutoka kwenye jiwe lake.

"Simama hapo hapo," akasema. "Ukiingia nitakuwa natafuta wawili."

"Amejifunga nailoni tupu, babu."

 Mzee Kidole alizidi kunishika kanga kwa mkono wenye kisiki. Tulitazama pale alipokuwa. Lilikuja wimbi, likaja lingine. Povu lilikuwa jeupe na safi. Saumu alikuwa mchangani, amekaa, ameziba masikio kana kwamba kulikuwa na kelele asizozitaka.

Kichwa hakikutokea pale tulipotazama. Kilitokea kando, mbali upande wa kushoto, maji yalikomzungusha. Kikazama, kikatoka tena. Mzee Kidole aliniachia, akaenda akamshika kwapani, akamkokota hadi kwenye maji ya magotini. Juma alitapika bahari nzima. Mapaja yake yalikuwa yamechunwa na mwamba. Nikamfungua mkanda, na kwenye mkanda kulikuwa na kipande cha uzi kinaning'inia, kifupi kuliko kidole. Kilikuwa cha pamba.

"Nani amekufungia huu?" nikamuuliza.

"Mwenyewe." Hata katika hali ile nilikitazama kifundo, na kilikuwa kibaya kweli. "Ni uzi wa chubwi. Nimeuchukua kwenye kikapu chako."

"Na wangu ukauacha msumarini."

"Wako haukatiki, Da Mishi."

"Ulikatika kwenye boriti. Uliuona."

"Ukiwa mkavu," akasema.

Nyumbani, kabla hata ya kubadilisha nguo, alitaka kunionyesha. Akauchukua uzi wangu kutoka msumarini, akaukata vipande viwili. Kimoja akakitia ndani ya ndoo ya maji, kimoja akakiacha. Akakitundika kile kikavu na kikapu cha mawe: kikakatika kwa uzito uleule niliopima. Akakitundika kile kilicholowa na kikapu kilekile. Kikakaa. Akaongeza jiwe. Kikakaa. Akaongeza lingine, na kikapu kikawa kinazunguka taratibu juu ya ukumbi, maji yakitona, na sote watatu tumekitazama. Pamba ikilowa hujikaza. Mimi ambaye nilifunga nyuzi tangu utoto sikulijua hilo, maana nyuzi zangu zilikuwa barazani sikuzote. Zilipofika majini hazikuwa zangu tena.

"Ulijua tangu lini?"

Alikuwa amepima siku nilipokwenda kisimani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akakaa juu ya mkeka, akajifunika shuka.

"Ungenikataza kwenda. Nami nisingebisha, naogopa; na nikikaa nyumbani, ami anakuja na mkokoteni. Siku ya kolekole nilikwenda hatua kabla uzi haujakatika. Maji yalinifika mdomoni. Nilipokurushia ule mkanda nilikuwa natetemeka, ukadhani ni hasira. Nikakuacha udhani hivyo."

Hapo ndipo ami alipoingia. Habari zilikuwa zimefika Bofu kwamba Juma amezama. Alisimama mlangoni, kanzu imejaa vumbi, akamwona Juma mzima amejifunika shuka, Saumu ameshika jiwe, mimi nikilia chini ya kikapu kinachozunguka. Alimtazama kila mmoja wetu. Kisha akauliza kama chai ipo. Alikunywa, akamsomea Juma dua, akaondoka, na la mkokoteni hakulitaja siku ile wala baada yake.

Kesho yake asubuhi nilikuta mshipi wa Mzee Kidole barazani, nailoni mpya yote, na mkanda wake mkuukuu umewekwa juu yake. Hapakuwa na salamu. Nikaufunga uzi wa kukatika, nikaupima ukiwa umelowa, nikaurudisha mlangoni kwake vilevile bila neno. Baada ya hapo wakaja wale waliomletea Juma majani ya mbuzi, mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu.

Juma aliendelea kuvua hadi nywele zikamgeuka. Saumu aliolewa kutoka nyumba ileile. Na kila alfajiri Juma alipotoka nilikaa barazani nikafunga, na niliposikia miguu yake inarudi ndipo nilipokumbuka kwamba sijanywa chai. Woga haukupungua kwa sababu uzi ulikuwa sawa. Uzi ulikuwa sawa kwa sababu woga haukupungua. Juma alikufa mzee, kitandani, nguo zake kavu.

Macho yangu sasa hayaoni tundu la ndoana, na vifundo wanafunga wajukuu wa Saumu. Lakini kupima bado napima mimi, kwa kushika. Kwa hiyo wewe uliyeleta mshipi wako, keti. Nimeusikia mahali ulipofunga, na kifundo si kibaya. Sasa nenda nyuma ya nyumba uniletee ndoo ya maji.